Mayai Bila Chipsi, Kwa Mrombo

Jumamosi asubuhi, Kwa Mrombo, mama aliyenitangulia kwenye foleni ya kibanda cha chipsi aliagiza mayai bila chipsi. Mkaangaji akacheka.

"Mama, hutashiba. Nakuwekea chache tu."

"Nimesema sitaki hata moja."

"Basi kandizi?"

Mama akachukua bakuli la kachumbari mezani, akaimimina yote kikaangoni, juu ya mayai. "Geuza."

Nyuma yangu watu wakaanza: ana sukari huyu? Kafiwa? Huku kwetu kukataa wanga ni kama kukataa posa, lazima ujieleze mbele ya ukoo. Yeye hakujieleza. Alikula amesimama, taratibu, akitutazama mmoja mmoja, kisha akarudisha sahani tupu kwa mkaangaji.

"Nikaangie mengine," akasema. "Na safari hii usinihurumie."