Goti la Mwingereza na Goti la Mdogo Wangu

Kuna kijana mmoja wa Kiingereza aliyenichosha kuliko watu wote niliowahi kuishi nao nyumba moja, na sijawahi kumwona ana kwa ana. Yeye mwenyewe hajui kama Bariadi ipo. Lakini kwa muda mrefu nyumbani kwetu hapakupaliliwa pamba, hapakuliwa michembe ya viazi, wala haikujibiwa salamu ya asubuhi bila yeye kutajwa. Unamwambia mdogo wangu "mwangaluka," anakujibu kwamba jana kijana kafunga.

Ilikuwa miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa. Zamani pamba yetu ilinunuliwa na ushirika peke yake. Sasa wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, na nyuma ya malori vikaja vitu ambavyo tulikuwa tunavisikia kwa mbali: magazeti ya michezo, jezi za mitumba, na dishi. Wakala mmoja wa pamba alilisimika dishi lake nyuma ya kibanda cha video, akawasha jenereta, na Jumamosi hiyo watu wazima wenye ng'ombe zao walikaa kwenye mabenchi wakitazama Waingereza wakikimbizana kwenye mvua. Hakuna aliyeuliza kwa nini hawaahirishi.

Matangazo yalikuwa ya Kiingereza, na mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Basi nikawa mali ya kibanda. Nilikuwa naitwa kutoka jikoni, mikono ina unga, nikakae karibu na televisheni nieleze yule mzungu anasema nini. Nikieleza, hawapendi. Mtangazaji akisema mchezo umepooza, nikiwaambia umepooza, wananiangalia kana kwamba mimi ndiye niliyeupooza.

Yule kijana alianza kuonekana msimu wa kwanza wa dishi. Alikuwa mwembamba, masikio makubwa, ametoka kwenye timu ya watoto ya klabu yake moja kwa moja hadi timu kubwa. Gazeti lilisema umri wake, na mdogo wangu akatangaza kwamba wamezaliwa mwezi mmoja. Nilimuuliza mama. Mama alisema anachokumbuka yeye ni kwamba mwanawe alizaliwa wakati wa palizi na mvua ilikuwa haijakatika, na kama huyo Mwingereza naye alizaliwa wakati wa palizi, basi sawa.

Tangu hapo mdogo wangu akawa anaishi maisha ya mtu mwingine. Alishusha soksi mpaka kwenye vifundo kwa sababu mwenzake anashusha. Alichana njia kwenye nywele ambazo hazina habari na njia, akawa analala na kitambaa kichwani ili ikae. Alipiga penalti kwa mguu wa kushoto, yeye ambaye mguu wake wa kushoto haukujua hata kusukuma mlango. Na bado alikuwa mchezaji mzuri. Hilo ndilo lililoniumiza roho, maana angekuwa wa kawaida ningemwacha ajichekeshe. Alikuwa anapita watu watatu bila kutazama mpira, na watu wa upande wetu walitoka hata Mkula kuja kumwona.

Sasa hapo kwenye "upande wetu" lazima nieleze. Usukumani kuna zile jamii mbili za ngoma, kila familia ina yake, na zimeshindana tangu enzi za babu zetu. Baada ya mavuno zinakutana kwa mashindano tunayoyaita mbina, kwenye uwanja mmoja, zinacheza kwa wakati mmoja, kila moja na duara lake. Hakuna jaji. Watazamaji wanahama wenyewe, na duara lililojaa watu jioni ndilo lililoshinda. Ndiyo maana kila upande una dawa yake ya kuvuta watu, na dawa ya kuvunja nguvu za wenzao. Kiongozi wa ngoma, manju, hata augue vipi, haketi chini mbele ya watu. Akikaa tu, maana yake wamemuweza, na watu wote wanahamia upande wa pili.

Ni utaratibu mzuri kwa ngoma. Lakini mpira ulipoingia kwetu waliutia kwenye utaratibu huo huo. Siku ya mwisho ya ngoma, mwezi wa nane, vijana wa pande hizi mbili walicheza mechi, na watazamaji walihama kutoka goli hili kwenda goli lile kama kwenye maduara. Magoli yalihesabiwa, sikatai. Ila hakuna aliyeyajali sana.

Baba yetu mdogo ndiye aliyekuwa manju wa upande wetu. Mtu mpole, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika kilima cha pili, na mbishi kupita maelezo.

Mwezi wa tano mwaka ule, Mwingereza aliumia goti. Tuliona wote, akabebwa kwenye machela. Halafu mwezi wa saba, kwenye mechi kule Nyalikungu, mdogo wangu naye akaanguka vibaya akaumia goti. Goti lile lile la kulia. Unaweza kudhani alihuzunika. Alirudi nyumbani anachechemea na uso unang'aa.

Siku hiyo hiyo, kabla hajaanguka, kocha mmoja wa timu kubwa ya Mwanza alikuwa pembeni ya uwanja. Alimfuata baada ya mechi akamwambia aje mwezi wa tisa, wamwangalie, na kama goti litakuwa limetulia wana nafasi yake. Tabibu wa Maswa alilishika goti akasema jambo moja tu: asicheze, apumzike mpaka uvimbe uishe, akilitonesha kabla halijapona litaachia kabisa. Mambo yalikuwa rahisi hivyo. Akae mwezi wa nane, aende Mwanza mwezi wa tisa. Mtoto wa darasa la pili angeelewa.

Nilikwenda kwa baba mdogo kumwomba asimchezeshe. Nikaambiwa nisubiri Jumamosi, tutaongea kibandani. Msimu mpya wa Waingereza ulikuwa umeanza, na Jumamosi hiyo kamera ikamwonyesha yule kijana jukwaani, amevaa suti, amekaa na magongo pembeni.

"Mwalimu, mbona kakaa?" baba mdogo akauliza.

"Amepasuliwa goti, baba. Daktari amemwambia apumzike mpaka mwakani."

"Kakaa mbele ya watu wote?"

"Ndiyo."

"Na wapinzani wake wanamwona?"

"Wanamwona, baba. Hakuna ubaya. Anasubiri apone."

Alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Basi wamemuweza," akasema. "Huyo kijana hana wazee."

Kibanda kizima kikaitikia. Nilieleza mfupa, nikaeleza mishipa ya goti, nikasema daktari wao amesoma miaka mingi. Wakasema ndiyo, huyo daktari ndiye aliyezidiwa na dawa ya wale wengine. Mmoja akataka kujua kama mama yake kijana ameshaambiwa. Nilitoka nje nikasimama karibu na jenereta, kwa sababu kelele zake zilikuwa na akili zaidi.

Nikamrudia mdogo wangu mwenyewe. Nilimkuta ameketi kitandani anafunga goti kwa kitambaa cha kanga ya mama.

"Wewe si unamfuata yule Mwingereza kwa kila kitu?" nikamwambia. "Soksi umemfuata, nywele umemfuata. Mfuate na kwenye hili. Kaa."

"Dada, yeye kwao hakuna mbina."

"Mwanza je? Huitaki Mwanza?"

"Naitaka. Ila nikikaa, watasema baba mdogo kaishiwa. Watu watahama. Unataka mzee ahamwe na watu kwa sababu ya goti langu?"

Sikuwa na subira ya kujibu swali kama hilo. Nilimtafutia nafasi kwenye lori la pamba linalokwenda Mwanza, akakae kwa shangazi mpaka mwezi wa tisa, mbali na ngoma na mbali na wazee. Nilimsindikiza mwenyewe, nikamwona anapanda juu ya marobota, nikampungia mkono mpaka lori likapotea. Nikarudi nyumbani nimetulia. Kesho yake mchana nikamkuta uani anakunywa maji, ananuka dagaa. Alishuka Lamadi, akapanda gari la wauza samaki lililokuwa linapandisha Bariadi, akarudi. Mama alikuwa anamcheka. Mimi nililia kwa hasira, na sioni aibu kulisema.

Siku ya mechi baba mdogo alimpaka dawa gotini, akamwimbia wimbo wake peke yake, na upande wetu ukampokea kwa vigelegele. Kipindi cha kwanza hakuna aliyejua kama anaumwa. Alifunga goli ambalo hata leo wazee wakikutana Mkula wanalicheza kwa mikono. Watu wakaanza kuhama. Nawaona hadi leo, wanawake na vikapu vyao, wazee na viti vyao vya miguu mitatu, wanavuka kuja kwetu huku mchezo unaendelea, refa anawafukuza uwanjani kwa filimbi.

Kipindi cha pili aligeuka na mpira, na nikaona mguu umekwenda upande mmoja na mwili upande mwingine. Hakulia. Alishika bega la mwenzake akabaki amesimama kwa mguu mmoja. Nilikimbia pembeni ya uwanja nikimwambia akae, akae chini, jamani mwambieni akae. Watu wa upande wetu wakanivuta nyuma kwa heshima, mwalimu tulia. Akasimama hivyo hivyo mpaka filimbi ya mwisho, ameshika mlingoti wa goli, jasho linamtoka mpaka kwenye soksi zake zilizoshushwa. Wale wengine walifunga mara mbili wakipita mbele yake. Tulifungwa mawili kwa moja, tukarudi nyumbani washindi, maana hakuna mtu hata mmoja aliyetuhama.

Baba mdogo alimchinjia mbuzi. Mwezi wa tisa ulipofika, mdogo wangu alikuwa hawezi kwenda chooni bila kushikwa. Kocha wa Mwanza alingoja kidogo, kisha akachukua kijana mwingine. Mpira ukaishia hapo.

Nilidhani angalau sasa hoja yangu imethibitika, na niliitumia. Sikuacha kuitumia. Kila mara Mwingereza alipotajwa kwamba anafanya mazoezi mepesi, kwamba amerudi, kwamba ameingia dakika za mwisho, nilikata kipande cha gazeti nikampelekea. Ona faida ya kukaa, nikamwambia. Na yeye alisoma vizuri tu, akafurahi, akabandika ukutani. Hakuwa na kinyongo na mtu yule hata kidogo.

Halafu Mwingereza akaumia tena. Akapasuliwa tena, akakaa tena, akarudi akiwa mzito, klabu yake ikamwacha, nyingine ndogo ikamchukua, nayo ikamwacha. Siku moja mdogo wangu alikuja shuleni kwangu, anachechemea mpaka mlango wa darasa, na gazeti mkononi. Habari ilikuwa ndogo, chini kabisa ya ukurasa. Kijana ametangaza kuacha mpira kwa sababu ya goti, akiwa bado hajafika umri ambao wengine ndio wanaanza kutamba.

"Soma kwa sauti, dada."

Nikasoma.

"Alikaa," akasema. "Alikaa mwaka mzima mbele ya watu. Akapata nini?"

Darasa zima lilikuwa linanitazama. Nikamrudishia gazeti lake, nikageukia ubao. Kuanzia siku hiyo hoja ikawa yake. Nikimwambia apeleke ng'ombe joshoni mapema, akapime presha, asimkopeshe fulani, ananiuliza: Mwingereza alikaa, akapata nini? Miaka ikaenda hivyo. Baba mdogo alifariki, mama akafuata, Bariadi ikawa makao makuu ya mkoa mpya wa Simiyu, mimi nikastaafu, na bado nilikuwa nashindwa katika mabishano yale yale.

Yeye sasa ana goti lisilokunjika na duka la vipuri vya baiskeli na pikipiki karibu na stendi, na televisheni bapa ukutani. Mwaka jana nilipita kumsalimia, nikakuta amekodoa macho kwenye televisheni, mechi haijaanza. Watu wa suti walikuwa wamesimama uwanjani wanachambua. Mmoja alikuwa na kipara na tumbo la wastani. Mimi nisingemjua kamwe. Mdogo wangu alimjua kwa masikio.

"Dada, ni yeye."

Tukatazama. Alikuwa anaeleza jinsi mlinda mlango anavyopanga ukuta. Kisha, ili aonyeshe mpira unavyopita chini, alichuchumaa pale kwenye nyasi, akauweka sawa kwa vidole, akakaa hivyo hivyo amechuchumaa anaongea, bila haraka, halafu akainuka bila kushika kitu akaendelea na maneno yake.

 Nilikuwa na maneno tayari mdomoni, maneno niliyoyapika miaka yote hiyo, na Mungu anajua nilikuwa na haki nayo.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona."

"Amechuchumaa."

Mteja aliyekuwa mlangoni akaulizia mpira wa ndani wa baiskeli. Ulikuwa kwenye rafu ya chini kabisa. Mdogo wangu aliutazama, akanitazama mimi na miaka yangu, na mimi nikachuchumaa nikautoa.