Mpunga wa Maji ya Chumvi

Walioingia maabara yetu siku za uporaji, zile tulizoziita pillage, waliingia mchana kweupe. Nilikuwa fundi wa maabara katika idara ya kilimo hapa Lubumbashi, na kesho yake nilienda kuangalia kilichobaki. Friji hakuna. Mizani hakuna. Vioo vya madirisha vimeng'olewa kimoja kimoja, kwa uangalifu, visivunjike. Kilichoniuma zaidi ni kifaa kidogo, unene wa kidole gumba, tulichokuwa tunazamisha ndani ya maji ili kujua yana chumvi kiasi gani. Aliyekichukua labda alidhani ni redio.

Hicho kifaa kilikuwa cha kazi ya profesa wangu. Kwa miaka kadhaa alikuwa anatafuta mpunga wa kupandwa kwenye nyanda za chumvi za kule Lufira, ambako udongo ukikauka unabaki na ukoko mweupe na mahindi yanakufa yangali na majani manne. Alikuwa amechanganya mbegu mbili: mpunga wa huku kwetu, mtamu, unaokomaa haraka lakini usiovumilia chumvi hata kidogo, na mpunga mrefu uliotoka pwani ya India, ambao mizizi yake inazuia chumvi isipande hadi kwenye majani. Kizazi cha kwanza cha mchanganyiko kilifanana chote. Tulikuwa tumevuna cha pili, wajukuu, ambamo tabia za mababu hutawanyika ovyo: huyu kachukua urefu wa bibi, yule utamu wa babu, wengine hawakuchukua chochote cha maana. Kazi iliyobaki ilikuwa kuwanywesha maji ya chumvi na kuona nani anasimama.

Profesa alizaliwa Lubumbashi. Baba yake alikuja kutoka Kasai kufanya kazi ya migodi, na yeye mwenyewe Kasai alikuwa ameiona mara mbili tu. Zilipokuja siku za kuwafukuza watu wa asili ya Kasai, hilo halikumsaidia. Nyumba yake ilipigwa mawe. Alihamia stesheni na mkewe, wakalala kwenye mikeka kati ya mamia ya watu waliokuwa wakisubiri treni. Mimi ni mtu wa huku. Nilipita katikati ya mji bila mtu kuniuliza kitu, nikamkuta ameketi juu ya sanduku, amevaa koti na tai kama siku ya mtihani.

Alinipa mfuko wa kitambaa. Ndani kulikuwa na bahasha sitini za mbegu na daftari lake.

"Mvua ikianza, panda," akasema. "Usingoje. Ukichelewa baridi ya mwezi wa sita itaukuta mpunga unatoa maua, utavuna makapi."

"Prof, kifaa cha kupimia waliiba."

"Najua. Utafikiria njia." Halafu akaniangalia. "Zilizo dhaifu zitupe. Usizionee huruma. Mama, umenisikia?"

Ndivyo alivyotuita wanawake wote wa idara. Nikasema nimemsikia. Treni yake iliondoka siku nne baadaye. Sikwenda kumsindikiza. Niliogopa kuonekana, na sina sababu nyingine ya kujitetea nayo.

Nilikuwa naishi Kasungami, ukingoni mwa mji, na mama yangu, tukilima kipande kando ya bonde lenye maji. Mvua ya kwanza iliponyesha nilijaza udongo kwenye makopo ya maziwa na ndoo zilizopasuka, nikapanda. Miche ilipofikisha majani matatu ilibidi kuanza kuitilia chumvi, na wakati huo chumvi ilikuwa imeadimika mjini. Tulikuwa tunakula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi siku tatu kwa wiki. Mama alinikuta namimina kijiko cha mwisho kwenye beseni la kumwagilia.

"Uko nafanya nini na ile chumvi?"

"Ni ya muchele ya Prof, mama."

"Muchele iko nakula chumvi, na siye tunakula majani kama mbuzi?"

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, kama nilivyoelezwa mimi, habari ya mababu na wajukuu, na ya mizizi inayozuia chumvi. Mama hakuwahi kusoma, lakini alizaliwa Lufira, na utotoni alikuwa akikwangua ukoko ule mweupe pamoja na bibi yake, wakiuchuja kwa maji na kuchemsha hadi chumvi ibaki kwenye chungu. Aliposikia neno Lufira aliketi.

"Anataka kupanda muchele kule? Kule hata majani haiote." Akafikiri. "Basi haiko chumvi ya duka ndiyo utaipatia. Kule iko ingine. Iko chungu kidogo. Muchele ikizoea hii ya duka, ikifika kule itakufa."

Alikuwa sahihi. Daftari la Prof lilisema jambo hilohilo kwa maneno marefu zaidi.

Tukaagiza udongo wa chumvi kwa mjomba wangu, mdogo wake mama, aliyekuwa akienda Lufira kuleta samaki. Alileta magunia mawili. Mjomba huyu alikuwa katika kundi lililopiga mawe nyumba za watu mtaani kwa Prof, na alijisifu mbele yangu. Aliangalia makopo, akauliza, "Hii mupunga ni ya nani?"

"Yangu," nikasema.

Akacheka, akanisaidia kushusha gunia la pili.

Tatizo lilikuwa kupima. Udongo ule haukuwa chumvi tupu, kwa hiyo hata ningekuwa na mizani isingenisaidia. Kitu pekee nilichookoa maabara ni chupa ya maji ya chumvi ya kiwango kilichopimwa, niliyoichanganya mwenyewe kabla ya uporaji. Mama alichovya kidole kwenye chupa, akalamba, akatema. Akachovya kwenye beseni. "Hii iko na nguvu kupita ile. Ongeza maji." Nikaongeza. "Bado." Nikaongeza tena. "Sasa ni moja." Kila asubuhi ikawa hivyo, kabla hajala chochote ili ulimi usidanganywe. Niliandika kwenye daftari, safu ya kipimo: *mama*.

Baada ya siku kumi miche ilianza kuachana. Mingi ilikauka ncha, ikawa ya njano, ikajikunja. Michache ilibaki kijani. Niliitenga ile ya kijani, na kama nilivyoagizwa nikabeba ile ya njano kwenda kuitupa. Mama alinizuia mlangoni.

"Bado iko nakunywa maji. Haikufa. Uko natupa juu ya nini?"

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Akaipeleka nyuma ya nyumba, akaiosha kwa maji matamu, na mingi ikafufuka.

Mwezi wa pili mimea ilipokaribia kutoa maua, daftari lilidai ile ya kijani inyweshwe chumvi mara ya pili. Wiki hiyo unga uliisha mtaani kote. Nilimwachia mama kazi ya chumvi, nikaenda mpakani Kasumbalesa na majirani kutafuta unga wa Zambia; mpaka ulifungwa, tukakaa siku sita tukilala chini ya lori. Niliporudi nikamkuta mama ameyapanga makopo yote pamoja, ya kijani na ya njano, na ameyanywesha yote maji ya chumvi.

"Mama! Ile ya nyuma sikukuambia!"

"Nilipatia bote. Uliniambia chumvi kwa muchele, sikusikia ya nani."

Nilikaa chini nikalia, zaidi kwa uchovu wa Kasumbalesa kuliko kwa ajili ya mpunga. Lakini nilikuwa nimeweka alama ya rangi kwenye kila kopo, kwa hiyo nilijua lipi ni lipi. Nikayaacha hivyo.

Wakati wa kuvuna niliminya masuke ya mimea yangu ya kijani, wale mashujaa. Karibu yote yalikuwa makapi. Miche ilisimama imara utotoni, halafu ilipofika kutoa maua chumvi ikaua chavua, na ndani ya maganda hapakuwa na kitu. Nikaendelea kwenye makopo ya mama. Mengi nayo yalikuwa makapi. Lakini mimea minne, iliyokuwa ya njano na kujikunja kama karatasi, ilikuwa imejaa punje. Nikazivunja kwa meno ili niamini.

Miaka ilipita kabla sijapata anwani ya Prof. Alikuwa anafundisha sekondari kule Kasai. Nilimwandikia nikiungama kila kitu: ulimi, makopo yaliyochanganywa, agizo lake ambalo sikulifuata. Jibu lilichukua miezi. Aliandika kwamba aliyekosea ni yeye. Jeni zinazoulinda mpunga ukiwa mche si zilezile zinazoulinda ukitoa maua. Kwa kuchuja mapema tu tungetupa nusu ya tulichokuwa tunakitafuta. "Oanisha yako na ya mama yako," aliandika, "na unitumie mbegu kidogo."

Nikafanya hivyo, kwa mkasi wa kukatia kucha wa kuondolea chavua na bahasha za kaki za kufunikia masuke, misimu kadhaa, katikati ya vita na serikali zilizobadilika. Mpunga uliopatikana haukupewa jina rasmi. Ndugu za mama wanaulima pembezoni mwa nyanda za Lufira, si katikati, na mwaka wa mvua chache unashindwa. Mwaka wa kawaida wanakula.

Prof alirudi Lubumbashi mara moja tu, amezeeka, kwa mazishi ya jamaa. Alikula kwangu. Nilimwambia kuhusu mjomba, ambaye Prof alimfahamu kwa sura, na yale magunia mawili ya udongo. Aliweka kijiko chini.

"Nilimwona siku ile ya mawe. Alikuwa mbele," akasema. "Naye analima mpunga huu?"

"Analima, Prof."

Akashika tena kijiko. "Basi ale," akasema. Hakusema amesamehe, nami sikumuuliza.

Mama alikuwa bado hai wakati huo, haoni vizuri. Prof alimwomba amweleze jinsi alivyokuwa anapima, na wakaongea hadi alasiri, yeye akiandika.

Sasa maabara ina vioo tena. Mwaka jana wanafunzi wawili walikata vipande vya majani ya mpunga wetu, vidogo kama ukucha, wakavipeleka nje ya nchi. Wanataka kujua kama ile sehemu ya kromosomu ya kwanza, inayosemekana kuulinda mpunga ukiwa mchanga, kweli imo, na nini kinauweka hai wakati wa maua. Majibu bado hayajafika. Waliniuliza data za mwanzo ziko wapi, nikawapa daftari, na ilinibidi kuwaeleza safu ile ya kipimo inamaanisha nini.