Kurudi Kwangu Ngomani Baada ya Kichomi

Nakumbuka siku moja, mjukuu wangu, enzi za Mwingereza, nilipofunga mlango mchana kweupe ili nisisikie ngoma. Mimi huyu huyu, niliyekuwa nikisikia ngoma naacha chungu motoni! Nakuhadithia kwa sababu nimekuona asubuhi hizi. Unavaa raba zako, unafika pale kwenye kona, unashika kifua, unarudi ndani. Daktari kakuambia umepona, nawe hujamwamini. Kaa hapa karibu yangu.

Tulikuwa tunaishi Rudewa, kwenye kambi ya shamba la mkonge. Babu yako alikuwa mkata mkonge, na mimi nilikuwa bado sijazaa. Kina mama wa kambi ile walitoka kila upande wa nchi, na kila Jumapili alasiri tulikutana nyuma ya nyumba za mwisho kufanya mazoezi ya ngoma. Ilikuwa ngoma ya miguu, si ya kutikisa mabega tu. Ukitoka pale kanga zimelowa jasho, na usiku unalala kama mtoto mchanga. Mimi ndiye niliyecheza mbele, wenzangu wakinifuata.

Masika moja nikashikwa na kichomi. Kifua kilinibana hata kumeza uji ikawa kazi. Babu yako na wenzake wakanipeleka hospitali ya Kilosa, nikalazwa mpaka mvua zikaisha. Nilirudi kambini nimekonda, bangili zinapita kiwiko, lakini mzima. Dresa wetu, yule aliyetutibu pale kambini, aliniwekea chombo chake mgongoni, akasikiliza, akasema, "Mapafu safi. Anza kutembea, mama. Kidogo kidogo."

Nikaenda kisimani na ndoo ndogo. Njia ilikuwa na kilima cha kawaida tu, ambacho zamani nilikipanda naimba. Katikati moyo ukaanza kwenda mbio. Vidole vikawa vya baridi, pumzi ikawa fupi, miguu ikalegea, nikajua nakufa. Nikakaa chini njiani, kina mama wakanibeba juujuu. Dresa akasikiliza tena, akasema yale yale. Sikumsadiki. Nilimwona kijana asiyejua kifo.

Tangu siku hiyo sikutoka. Babu yako, kwa kunipenda, akawa anachota maji yeye mwenyewe akitoka kazini, mikono imechanwa na miba ya mkonge. Akanikataza hata kufagia. Nami nikakaa kitandani nikiusikiliza moyo wangu kutwa nzima. Ukipiga kwa nguvu, naogopa. Ukipiga taratibu, naogopa zaidi, nadhani unataka kusimama.

Ndipo mama mkwe wangu, Bi Zaina, akaja kutoka Mvumi kutusaidia. Alikuwa mama mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaingia moja kwa moja kutwanga mahindi kama aliyekuwa akiishi pale siku zote. Hakuniuliza kitu.

Jumapili ikafika, ngoma zikaanza kulia huko nyuma. Nikainuka, nikafunga mlango. Bi Zaina akauweka mchi chini, akaufungua.

"Joto lote hili, unafunga mlango kwa nini?"

Nilitaka kumdanganya kwamba kichwa kinaniuma. Machozi yakanitangulia. "Mama, ninaogopa. Moyo ukidunda, naona ndiyo nakufa."

Hakucheka. Alikuja akakaa kando yangu, jasho likimtiririka, akauchukua mkono wangu akauweka kifuani pake. Mwanangu, moyo wake ulikuwa unakimbia! Ulikuwa unagonga kiganja changu kama mtu anayebisha hodi kwa haraka. Nikashtuka.

"Mama, unaumwa?"

"Nimetwanga," akasema. "Moyo wa mtu aliyetwanga huenda hivi. Sasa nambie, nami nakufa?"

Nilikuwa sijawahi kuweka mkono kwenye kifua cha mtu mzima anayefanya kazi. Nilidhani ni wangu peke yake unaodunda vile. Kicheko kikanitoka, cha kwanza tangu hospitali, na yeye akacheka na sauti yake ile, mpaka jirani akachungulia kujua kuna nini.

Lakini usidhani hofu iliondoka hapo. Kesho yake alinichukua mpaka mlango wa jirani, tukasalimia, tukarudi. Siku nyingine mpaka kwenye reli ndogo ya vitoroli vya mkonge, tukakaa tukitazama wanaume wakisukuma mizigo kwenda korona, ile mashine ya kusaga majani. Harufu yake kali ilinichefua, lakini nilifurahi kuinusa tena.

Siku moja hapo relini, hatuna hata mwendo wa haraka, ile hali ikanijia ghafla. Mikono baridi, pumzi fupi. Nikamshika kanga. "Mama, turudi nyumbani!"

"Tutarudi," akasema. "Kwanza tukae. Nakuona, rangi yako nzuri, unaongea vizuri. Toa pumzi polepole, kama unapoza uji. Ikipita tutaendelea. Isipopita, mimi nipo."

Tukakaa. Niliona miaka imepita. Kisha taratibu vidole vikapata joto, nikasikia ndege, nikasikia na njaa. Ilikuwa imepita yenyewe, na mimi sikukimbia. Sijui nikueleze vipi wepesi nilioupata siku ile. Nilirudi nikapika.

Basi nikavimba kichwa. Jumapili iliyofuata nikajiingiza ngomani nikacheza kama zamani, nikatoka nakohoa. Bi Zaina akanifokea mbele ya wote. "Umetoka kuumwa wewe, hukutoka safari! Cheza wimbo mmoja, ukae. Kesho ngoma ipo." Niliona haya, lakini nilimsikia. Wimbo mmoja, nikakaa, nikapiga makofi. Baadaye nyimbo mbili.

Kiangazi mdogo wangu akaolewa kwetu Mikumi. Tulipanda lori kutoka Kilosa, vumbi mpaka kwenye kope. Mama yangu alikuwa amesikia habari za ugonjwa wangu zilivyotiwa chumvi njiani, mpaka zilipomfikia mimi nilikuwa mtu wa kusubiri kuzikwa. Aliponiona nashuka mwenyewe kwenye lori alinikimbilia. Alasiri ngoma ilipowekwa uwanjani nikaingia. Moyo ulidunda, na hofu ikachungulia kidogo. Nikaiacha ichungulie. Nilipokaa kupumzika, mama akaja kunifuta uso kwa kanga yake, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Mbona umenenepa?" Tukalia sote wawili, kwa furaha.

Mwanangu, ninalokuambia ni hili. Mwili uliotoka kuumwa huogopa kama mtu aliyetoka kuzama, usiucheke wala usiutii kwa kila kitu. Umeshapimwa, ukipata homa au maumivu mapya, nenda tena hospitali, hiyo si aibu. Lakini moyo kwenda mbio kwa sababu umetembea, uache ufanye kazi yake. Hofu ikikukuta njiani, kaa hapo hapo, pumua, ingoje ipite. Usijipime na jinsi ulivyokuwa kabla ya kuugua. Na usikae nayo peke yako ndani. Mwambie mtu, maana mimi kilichoanza kuniponya ni kule kusema.

Mungu akupe pumzi ndefu na miguu isiyochoka upesi. Akupe na mtu wa kukaa nawe njiani siku utakayolegea. Uende salama, urudi una njaa. Amina.