Siku Niliyolifungisha Kanisa Zima

Haya, chekeni sasa hivi mmalize, maana mkianza kucheka katikati mtanipotezea mwendo. Ndiyo, ni mimi yule mama wa Bwiza, hapa Bujumbura, aliyelifungisha kanisa zima bila kanisa lenyewe kuwa na habari, na ndiyo, joho la korali, kwaya yetu, lilinitoka mwilini mbele ya wageni. Aibu niliipata, tena ya kujaza gunia. Lakini msinionee huruma, kwa sababu katika mkasa wote huu kuna kitu kimoja tu kinachoniuma, na si joho.

Jirani yangu ni Mama Zaina, Mwislamu, na mumewe Mzee Rashidi ana bucha hapo hapo mtaani kwetu. Mwaka ule mafuriko yalipotutoa mtaa wa Buterere, tukaingia Bwiza na godoro linachuruzika na watoto wanatetemeka, sahani ya kwanza ya chakula ilitoka kwake, na hakuuliza tunasali wapi. Tangu hapo, Idi sahani inatoka kwake inakuja kwangu, Noheli inatoka kwangu inaenda kwake (na kuku wangu wa Noheli anachinjwa na Mzee Rashidi mwenyewe ili na wao wapate kula, jambo ambalo mtaani kwetu hata halijadiliwi).

Sasa Jumapili moja, Idi ya kuchinja imekaribia, Pasteri wetu akapiga meza. Nyama ile, alisema, imechinjwa kwa ibada isiyo yetu, Mkristo akiila anashiriki ibada hiyo, na mwanakorali atakayeionja avue joho. Pasteri si mtu mbaya, nisimsengenye, lakini anakaa Kibenga kule karibu na ziwa, ndani ya kuta ndefu, mahali ambapo mtu anamaliza mwaka hajui jirani kapika nini. Mimi nikasema amina. Tena amina yangu ilikuwa kubwa kuliko za wengine, kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa naanzisha nyimbo, na nafasi ile niliipenda mno.

Siku ya Idi, mchana, Mama Zaina huyo mlangoni, kitenge kipya, sahani imefunikwa, harufu ya pilau imemtangulia. Ningeweza kusema asante, ningeweza kusema hapana. Mimi nikachagua kitu cha katikati.

"Pole, Mama Zaina, leo tuko tunafunga."

"Mashallah! We na watoto?"

"Kanisa yote."

Loo, uso wake uling'aa! Akasema basi ataihifadhi, ataileta jioni tukifungua. Nikafikiria yule dada wa kanisani anayekaa ng'ambo ya barabara (macho yake hayajawahi kulala), nikaona akimwona Mama Zaina na sahani nimekwisha, basi nikapandisha tofali la pili juu ya lile la kwanza: "Jioni tunafungulia kanisani." Akaondoka na sahani yake, na mimi nikajisifu kwamba akili ninayo. Nilichosahau ni kwamba kwao kumfuturisha aliyefunga ni thawabu kubwa, na mimi nilikuwa nimemwambia kanisa zima.

Jioni hiyo kanisani tulikuwa na wageni wa Pasteri kutoka Gitega, na sisi wa korali, majoho mwilini, tukawakaribisha kwa mandazi na fanta. Jua lilikuwa bado halijaigusa milima ya Kongo, na sisi tumejaza mashavu, mlango ukafunguka. Akaingia Mama Zaina na wifi zake wawili, kila mmoja na sufuria kichwani, na nyuma yao Mzee Rashidi na tende mkono mmoja, jagi la maji ya kunawa mkono wa pili.

"Bwana asifiwe!" Mama Zaina akatusalimia kwa salamu yetu, na alivyoitamka kwa uangalifu nilijua alikuwa ameifanyia mazoezi njiani. Kisha akaona midomo yetu. "Eh! Mumeshafungua? Na jua iko bado juu!"

Kanisa zima likaacha kutafuna.

"Kufungua nini, mama?" Pasteri akauliza. "Hapa hakuna mutu anafunga."

"Apana, Pasteri, Mama Nadine ameniambia. Kanisa yote iko inafunga. Ndiyo tukasema tuwaletee futari. Nyama ya Idi hii, iko ya kutosha wote." Akatua sufuria yake, akaifunua.

Mama Nadine ndiye mimi. Vichwa vyote vikageuka, na mimi nina andazi mdomoni lisilotaka kushuka wala kutoka.

"Mama Nadine, ulisema hivyo?"

Nikaitikia kwa kichwa, shavu limevimba. Wageni wakatazamana. Lakini mimi sikuwa namwangalia mgeni wala Pasteri, nilikuwa namwangalia Mama Zaina, na yeye hakukasirika, angekasirika ningepona. Aliifunika tu sufuria taratibu na kusema kwa sauti ndogo, "Kama hukutaka, ungeniambia tu apana. Mi singekasirika."

Jamani, hapo nilijichukia. Huyu mama alinipa chakula nikiwa sina hata sufuria, na mimi nimemleta aaibike mbele ya watu asiowajua kwa ajili ya joho la kitambaa! Nikalimeza lile andazi kwa nguvu, nikainuka.

"Mzee Rashidi, nimwagie maji."

Nikanawa mbele yao wote, nikakaa kwenye benchi la korali, nikafunua sufuria, nikala.

"Mama Nadine," Pasteri akasema, "unajua unachofanya?"

"Najua, Pasteri. Na ile nyama ya bucha yake unakulaka kila Jumamosi, imechinjwa na mukono hii hii inanimwagia maji."

Mzee Rashidi (mfanyabiashara hakosi nafasi) akainama kwa adabu: "Maini ilikuwa muzuri, Pasteri?"

Mtu mmoja nyuma akapaliwa na fanta. Pasteri hakucheka, akajibu, na kwa haki yake alijibu vizuri: "Ile ni ya soko. Hii ni ya sikukuu. Si kitu kimoja."

"Ni kweli si kitu kimoja," nikasema. "Ile tunanunua. Hii tumepewa."

Hakuna aliyekuja kula nami, nisidanganye tena. Joho nililivua mwenyewe kabla sijaambiwa, lina doa la mafuta begani, nikampa Pasteri mkononi. Na hadi leo nasema: ambaye dhamiri yake inamkataza ile nyama asiile, na akichekwa nitamtetea. Yangu haikunishtaki kwa nyama. Ilinishtaki kwa uongo, na huo nimeutubu, nyama sitaitubu. Nimeapa sitafunga tena kwa mdomo huku tumbo linakula. Sasa nakaa benchi la mwisho kabisa, naimba kwa nguvu hadi korali inanifuata mimi.

Idi iliyofuata Mama Zaina alikuja kama kawaida, kitenge kipya, sahani imefunikwa. Akasimama mlangoni.

"Leo unafunga?"

Alicheka, na mimi nikacheka. Lakini miaka yote ile alikuwa anaingia na kuweka sahani mezani bila kuuliza, na sasa anauliza kwanza. Hicho ndicho kinachoniuma. Basi nikaipokea sahani, nikatoka nayo mpaka barabarani, na yule dada wa ng'ambo amesimama ananikodolea macho, nikala nimesimama, kipande kwa kipande, nikamaliza hadi mchuzi, ili mwakani Mama Zaina asiniulize.