Gari la Mbio Katika Banda la Ng'ombe

Nililikuta Londiani, nyuma ya ghala la viazi, kuku ameatamia kwenye kiti cha dereva. Lilikuwa gari fupi la milango miwili, pua ndefu, na zile taa zinazolala ndani ya boneti na kuinuka ukibonyeza swichi, kama mtu anayefumbua macho. Nilipokuwa kidato cha pili niliona gari la namna hiyo likipita kwenye barabara ya Kericho. Lilikuwa jekundu, na taa zake ziliinuka pale pale niliposimama na mkebe wa mafuta ya taa mkononi. Niliamini limenitazama mimi.

Tangu hapo nimezunguka nchi hii nikifanya kila kazi isiyohitaji cheti kikubwa. Nimekuwa utingo wa lori, mchuuzi wa mitumba Kisumu, mpasua mbao, mlinzi wa hoteli ya pwani iliyofungwa kabla sijalipwa. Kila nilipolala kwenye kitanda cha kukodi nilikumbuka vitu vya nyumbani, ukungu juu ya majani chai, moshi wa jiko la Mama, na gari lile jekundu ambalo halikuwa la nyumbani hata kidogo. Kwa hiyo mwenye ghala aliponiambia kwamba la kuku linauzwa, sikuuliza kama injini inazunguka. Niliuliza kama taa zinainuka.

"Moja inainuka," akasema. "Hiyo ingine ilikataa."

Nikalinunua.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi. Nina miaka arobaini na kitu, nimesoma hadi kidato cha nne, na nilikuwa nimejiandikisha katika chuo kimoja cha ufundi upande wa Kapkatet kusomea umekanika. Wenzangu darasani walikuwa watoto wa juzi. Siku ya kwanza mmoja wao alinisalimu kwa heshima zote, akaniuliza nimekuja kumwona mtoto yupi. Tangu siku hiyo waliniita Mzazi.

Bajeti yangu nayo ilikuwa ya mwanafunzi kweli kweli. Nililala katika chumba changu cha utotoni, nikala ugali na mboga za Mama, na pesa za mfukoni nikazipata kwa kuchuma majani chai yake. Mama alinilipa kwa kilo kama mchumaji mwingine yeyote, na nilipomletea majani yaliyokomaa aliyamwaga chini mbele ya watu.

Gari lilikuja nyumbani juu ya lori la viazi. Mama alilizunguka, mkono kiunoni.

"Weri," akasema. Ndivyo anavyoniita hadi leo, kijana, ingawa ndevu zangu zina mvi. "Hii kitu inakula nini?"

"Petroli, Mama."

"Na inatoa nini?"

Nilimwonyesha taa. Moja ikainuka.

Kwetu mvua haingoji msimu. Alasiri ikifika unaona wingu limetua juu ya mashamba, na chuma kisicho na rangi kinaanza kuoza ukikitazama. Paa la pekee lililotosha gari lilikuwa la banda la ng'ombe. Mama ana ng'ombe mmoja, Friesian, na wakati huo alikuwa na mimba. Nilimbembeleza Mama siku nzima, na mwishowe akakubali ng'ombe afungwe nje, chini ya mti, kwa masharti.

"Huyu atazaa mvua kubwa ikianza," akasema. "Siku hiyo nataka banda yangu. Gari itoke yenyewe, kwa moto yake. Si kusukumwa. Ikikataa, naita mtu wa vyuma, anakata, anabeba."

"Itatoka, Mama."

"Najua. Na ikitoka utaenda nayo."

Hilo nilijifanya sikulisikia.

Basi nikaanza kazi. Viti vilikuwa vimeliwa na panya na kuku kwa ushirikiano, nikavishonea magunia ya mbolea. Abiria wangu angeegemea namba za naitrojeni zilizochapwa kwenye magunia. Ile taa iliyokataa niliifunga kipande cha mpira wa tyubu na kamba iliyopita chini ya dashibodi hadi karibu na usukani. Ukivuta kamba taa inaamka, ukiachia inalala. Wenzangu walipokuja kutazama Jumamosi moja, walivuta kamba ile hadi ikakatika.

Rejeta ilivuja. Darasani tulifundishwa kuichomelea, lakini gesi ya kuchomelea haikuwa ya watu wa hali yangu, na kijijini kila mtu anajua dawa ya rejeta ni yai. Nikatia yai. Ikaendelea kuvuja. Nikatia la pili na la tatu, na injini ilipopata joto ua mzima ukanukia kiamsha kinywa. Mama alitoka jikoni, akatazama kiota cha kuku, akanitazama mimi, akarudi ndani.

Halafu rangi. Mashine ya kupulizia rangi sikuwa nayo, ila tulikuwa na pampu ya mgongoni, ile ya kumpigia ng'ombe dawa ya kupe. Niliiosha, naapa niliiosha. Nikachanganya rangi nyekundu na petroli, nikavaa pampu mgongoni na kulizunguka gari kama ninaliogesha. Rangi ilitoka ikitaka, mara ukungu mzuri, mara donge. Lilipokauka gari lilikuwa na vipele kutoka pua hadi mkia, na harufu ya josho ilikaa ndani yake wiki baada ya wiki. Mafanikio yalikuwa kwamba hakuna kupe aliyethubutu kulipanda.

Yote hayo yangesameheka. Kosa kubwa nililifanya nikiwa na furaha. Wenzangu walikuja tena, wakasimama mbele ya gari, mikono mifukoni, vichwa vimeinama upande kama madaktari.

"Mzazi," mmoja akasema, "gari ni poa, lakini imesimama kama ng'ombe. Gari ya mbio inalala chini."

"Ishushe," mwingine akasema. "Ikate springi."

Mtu wa umri wangu angeuliza maswali. Mimi niliazima grinda chuoni, nikakata springi zote nne siku hiyo hiyo. Gari likashuka hadi kidole changu cha gumba hakikupita vizuri kati ya tairi na bodi. Nilirudi nyuma hadi kwenye rundo la samadi ili nilitazame vizuri, na nikaona ni zuri kupita kitu chochote nilichowahi kukigusa. Nilikuwa nimepima mlango wa banda. Nilikuwa nimepima geti. Njia ya kwenda lami sikuipima, kwa sababu nimeipita tangu nizaliwe.

Njia hiyo hupitwa na lori linalokusanya majani chai na matrekta. Magurudumu yao yamechimba mitaro miwili, na katikati pamebaki tuta la nyasi lililoshindiliwa, gumu na refu. Ukitembea kwa miguu huwezi kuliona kama tatizo. Ni mahali pazuri pa kukanyaga wakati wa matope.

Mvua kubwa ilianza, na alasiri moja Mama aliniita kutoka chini ya mti. Ng'ombe alikuwa analala, anainuka, analala tena, mkia umekaa pembeni.

"Ni leo," Mama akasema. "Washa hiyo kitu yako ama nitafute simu."

Betri iliyokuja na gari ilikuwa imekufa wiki ile. Nilikimbia kwa jirani, mzee mmoja mstaafu ambaye ana betri ya taa za sola, na ambaye hakopeshi kitu bila kukifuata. Alikuja nayo yeye mwenyewe. Nilipoifunga kwa waya karibu na kiti cha abiria, akaingia, akaketi kando yake, akaweka mkono juu yake kama mtu aliyebeba mtoto.

"Hii nikiiacha na wewe," akasema, "nitaiona tena Mombasa."

Injini ilikohoa mara nyingi. Mama alisimama mlangoni, kamba ya ng'ombe mkononi, simu mkono wa pili. Niliona kidole chake kikitafuta namba. Ndipo ikashika moto, moshi mweusi, kelele, harufu ya mayai, na gari likatoka bandani kwa moto wake, likaviringika uani kama nilivyoahidi. Kabla moshi haujatawanyika Mama alikuwa ameshamwingiza ng'ombe ndani na kumtandikia nyasi.

Ningesimama hapo, hadithi hii ingekuwa ya heshima. Ahadi ilikuwa imetimia. Lakini geti lilikuwa wazi, na mbele ya geti kulikuwa na njia. Nifike lami tu kisha nirudi, ndivyo nilivyojiambia. Nimejiambia hivyo nikitoka kwenye geti lile mara nyingi maishani.

Tulipita geti. Tukaenda hatua kama za kutoka kanisani hadi chooni. Kisha tumbo la gari likapanda juu ya tuta taratibu, kwa sauti ya sufuria inayokwaruzwa, na dunia ikasimama. Injini ilinguruma. Magurudumu ya nyuma yalizunguka vizuri sana, bila kugusa kitu cha maana.

"Tumefika?" jirani akauliza.

"Bado, mzee."

"Sasa mbona imesimama na inalia?"

Nyuma yetu honi ikapigwa. Lilikuwa lori la majani chai, limejaa. Dereva wake, mtu wa upande wa ziwa ambaye sote tunamjua kwa mdomo wake, alishuka, akainama, akachungulia chini ya gari letu kwa muda mrefu.

"Omera," akaniambia, "hii gari unaendesha ama unaatamia?"

"Limekwama kidogo tu."

"Kidogo? Ndugu yangu, hii imelala na tumbo. Na mimi majani inapata moto kwa lori. Ikifika imekuwa nyeusi, kiwanda itaniambia nikunywe mwenyewe."

Wanawake waliokuwa wakirudi kutoka kupima majani walifika na vikapu mgongoni, wakasimama. Kila mtu kwenye mteremko wetu alijua masharti ya Mama, na sasa walikuwa na kesi ya kuamua.

"Walikubaliana itoke kwa moto yake," jirani alisema kutoka ndani, bila kuachia betri. "Imetoka. Mimi ni shahidi, nilikuwa ndani."

"Imetoka wapi?" mama mmoja akamjibu. "Si hii hapa imekaa kama mawe ya jiko? Itarudi aje bila kusukumwa? Aite mtu wa vyuma."

"Aite," mwingine akasema, akicheka, "lakini kwanza atoe mzee."

Nilibaki nimeshika usukani. Nilijua Mama yuko njiani kwa sababu vicheko vilipungua. Alikuja na mikono yenye majimaji hadi kwenye viwiko, gauni limeshikamana na magoti kwa mvua iliyoanza. Simu ilikuwa mfukoni, niliona umbo lake. Hakutazama tuta. Hakutazama magurudumu. Aliinama dirishani kwangu.

"Ulikuwa unaenda wapi?"

"Lami tu, Mama."

"Lami ya wapi?"

Ningeweza kumwambia Kapkatet, kuna mtu wa springi nilitaka kumwona. Uongo huo ulikuwa tayari mdomoni, mzuri kabisa. Nikaumeza. Nilizima injini.

Mama akanyooka, akawageukia watu.

"Inueni. Rudisheni nyumbani."

"Na vyuma?" yule mama wa hukumu kali akauliza.

"Vyuma gani? Nilisema nataka banda. Banda ninayo, ng'ombe yangu ako ndani. Haya mengine ni ya mimi na mtoto yangu."

Wakashusha vikapu. Dereva wa lori akashika pua, wanawake wakashika mbavu, na mimi nilipotafuta mahali pa kushika niliambiwa nisimame kando nisije nikavunja kitu. Walilibeba. Gari langu la mbio, miezi yote ile ya kazi, lilirudi kupitia geti mikononi mwa wachuma chai, wakiimba kidogo ili wainue kwa pamoja, na jirani bado ndani, ameketi wima juu ya naitrojeni, betri imekumbatiwa. Hakukubali kushuka. Alisema safari aliyoianza ndani ya gari si haki kuimaliza kwa miguu.

Uani palitokea swali la mahali pa kuliweka. Banda lilikuwa limechukuliwa. Sehemu pekee iliyobaki yenye paa ilikuwa upenu wa jiko la Mama, na hapo palikuwa na kuni zake za mvua nzima, zimepangwa ukutani hadi dirishani. Watu walisimama wameshika gari hewani, wakisubiri mtu aseme. Mama alienda ukutani akaanza kuondoa kuni, gogo baada ya gogo, akizirusha kwenye mvua.

Waliliteremsha pale. Dereva alikimbilia majani yake, wanawake wakabeba vikapu, jirani akashuka na mali yake. Gari likaanza kuteleza polepole kurudi nyuma, kuelekea getini, kwa sababu ua wetu una mteremko na breki ya mkono sikuwa nimeifikia bado. Nililikumbatia kwa mikono miwili.

"Weka jiwe kwa gurudumu," Mama akasema, tayari anaelekea bandani. "Halafu kuja unishikie ng'ombe. Huyu mtoto anakuja na miguu ya nyuma."

Niliweka jiwe. Kisha nikarudi, nikaongeza la pili, kubwa zaidi.