Kibuyu Nilichokiosha kwa Sabuni

Nilirudi kutoka mafunzo ya lishe pale Mugumu nikiwa na akili nyingi mno. Yalikuwa ya wiki mbili tu, lakini ungeniona ninavyoshuka kwenye trekta la kijiji, daftari kwapani, ungedhani natoka Ulaya. Nilikuwa na binti wa mwaka na miezi mitatu, na tumboni nilikuwa na mwingine, ndiyo maana yule wa kwanza nilimwachisha ziwa mapema na kumwacha na bibi yake. Bibi yake huyo, mama mkwe wangu, hakujua kusoma, wala hakuwahi kusikia neno vitamini. Alikuwa tu amezaa watoto tisa na kuwakuza wote tisa. Hilo sikulipa uzito, kwa kuwa kwenye daftari langu halikuwamo.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Machochwe, nyumba zimepangwa mistari miwili iliyonyooka, maana tuliambiwa maendeleo hayaji penye nyumba zilizotawanyika. Mama mkwe alikaa nyuma yetu. Kwetu Wakurya mke wa kijana hupikia jikoni kwa mama mkwe mpaka mwenyewe aamue kumpa mafiga yake. Mimi alinipa mapema, kwa huruma, kwa sababu mimba ya kwanza ilinisumbua na moshi wa jiko lake ulinitapisha. Sasa nikapania kumwonyesha mafiga yanafanya kazi gani.

Weee! Nilipika. Mchicha niliuchemsha kidogo sana, nisiue vitamini, nikauweka mezani bado unataka kusimama. Kisamvu nilikitia karanga na dagaa waliotwangwa. Dagaa hao niliwatia kila mahali, kwenye maharage, kwenye maboga, na siku moja, Mungu anisamehe, kwenye viazi vitamu. Mafuta nilipiga marufuku, jambo lililokuwa rahisi kwa sababu duka la ushirika halikuwa na mafuta tangu mvua za vuli. Mume wangu, mtu aliyekulia nyama na maziwa, aliutazama ule mchicha kwa muda mrefu.

"Hii umepika, au umechuma tu?" akaniuliza.

"Ni afya hiyo."

"Aha. Basi acha nikamsalimie mama mara moja."

Akaenda kumsalimia mama. Kesho yake pia akaenda, tena saa ile ile ya chakula. Sijawahi kuona mwanamume akimpenda mama yake namna ile.

Mtoto ndiye aliyekuwa hataki mchezo. Tangu aachishwe ziwa alikubali kitu kimoja tu, maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu cha bibi yake. Maziwa mabichi yalimharisha. Ya mgando yalikaa tumboni, na kwa hayo alikuwa mzima. Mimi nikawa na wasiwasi wa kisomi. Mwalimu wetu alikuwa ametwambia vyombo vichafu vinaua watoto, nami nilipochungulia ndani ya kibuyu kile niliona weusi mtupu, kinanuka moshi kama paa la jikoni. Hee! Mwanangu anywe humo?

Siku moja mama mkwe alipokwenda shamba la kijiji, nilichemsha maji. Nilikuwa na kipande cha sabuni ambacho mume wangu alikitoa Sirari, kimevuka mpaka kwa njia zake chenyewe, na miaka ile sabuni ilikuwa kitu cha kufungia sandukuni. Nikakitoa chote. Nikatia maji ya moto, sabuni na changarawe, nikatikisa mpaka mabega yakaniuma. Yakatoka maji meusi, nikatia mengine, yakatoka ya kahawia, nikaendelea. Jamani, nilivyojisikia vizuri! Nikakianika juani mdomo juu na kukaa pembeni nikisubiri kushukuriwa.

Mama mkwe aliporudi alikichukua, akakinusa, akakinusa tena.

"Nani amekifanya hivi?"

"Nimekisafisha, mama."

"Kwani kilikuwa kichafu?"

Nikaanza kumweleza habari za wadudu wasioonekana kwa macho. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akasema, "Hiki nilipewa na mama mkwe wangu, siku nilipoolewa." Akaingia nacho ndani.

Anayejua maziwa ya kwetu anajua nilichofanya. Kibuyu hakioshwi kwa sabuni. Kinasuguliwa kwa kijiti cha moto cha mti maalumu, mkaa wake ukabaki ndani, na ni huo mkaa na huo moshi wa miaka unaoyafanya maziwa yagande bila kuoza. Miaka yote hiyo niliitoa kwa asubuhi moja. Maziwa aliyotia jioni yalikuwa na povu na harufu ya kufulia, na hata mbwa alisitasita. Baada ya siku chache kibuyu kikapasuka ubavuni.

Hapo mtoto akabaki na mimi na uji wangu. Uji wa lishe: mtama, soya niliyopewa kule Mugumu, na dagaa, bila shaka. Alionja siku ya kwanza, akanitazama kana kwamba nimemtukana, akatema. Siku ya pili hakufungua mdomo. Nikambana pua, nikamwimbia, nikambembeleza, nikamfokea, akatema. Kila asubuhi bakuli zima liliishia kwa kuku, na kuku wangu walinawiri ajabu. Ungewatundika kwenye mzani wa kliniki wangepewa kijani wote kwenye kadi, rangi ya wenye afya.

Mama mkwe asubuhi alikuwa zizini akikamua. Akirudi alikuwa akiniuliza, "Amekula?"

"Amemaliza, mama. Bakuli lote."

Sijui kwa nini nilianza hivyo. Najua. Nilikuwa nimeshampasulia kibuyu, ningemwambiaje kwamba hata uji nilioleta badala yake hauliwi?

Kliniki ya kwanza, mstari kwenye kadi ulishuka kutoka kijani ukaingia kijivu. Nikaongeza soya. Kliniki ya pili ulikuwa unagusa nyekundu, na nilipombonyeza mtoto mguuni kwa kidole gumba, shimo lilibaki. Alikuwa hachezi tena. Alikaa tu pale nilipomweka, nywele zimekuwa hafifu, rangi imepauka. Niliogopa. Niliogopa sana, na bado nilifungua daftari kutafuta nimekosea ukurasa gani.

Mama mkwe hakunisema. Alikwenda kwa dada yake akarudi na kibuyu kipya, akakaa nacho siku nyingi nje ya mlango wake, anakwangua, anachoma kijiti, anasugua, anatia maziwa kidogo, anayamwaga, anaanza tena. Mimi nilikuwa nikipita nikijifanya sioni.

Kisha siku moja tulikuwa tunapalilia shamba la kijiji, kiuno kikanikamata kwa sababu ya ile mimba, nikaruhusiwa kurudi mapema. Nikamkuta mtoto kwenye mapaja ya bibi yake, kikombe mdomoni, anakunywa kwa pupa, mashavu yote meupe kwa maziwa ya kile kibuyu kipya. Mama mkwe akashtuka. Alidhani nitamkemea. Fikiria hilo: mwanamke wa umri ule aliogopa kukemewa na mimi.

"Alikuwa analia," akasema. "Nimemtuliza tu. Uji wake asubuhi si amemaliza?"

"Amemaliza, mama. Mpe tu."

Nikaingia ndani, nikaketi kitandani nikalia mpaka kilemba kikalowa. Tangu siku ile akawa anampa kila mchana. Uvimbe wa miguu ukapungua. Nywele zikarudi. Siku moja mtoto akamkimbiza jogoo, akaanguka, akanyanyuka mwenyewe, na mimi nikakimbilia nyuma ya ghala nikapiga magoti kwenye matope.

Kliniki iliyofuata tulipanga foleni mbele ya ghala la kijiji, na yule mwalimu wetu wa Mugumu, bibi maendeleo wa serikali, alikuwa amekuja mwenyewe. Binti yangu akatundikwa kwenye mzani, anapiga mateke. Bibi maendeleo akachora nukta kwenye kadi, akaunganisha mstari, akaiinua kadi juu watu wote waone.

"Kina mama, tazameni! Huyu alikaribia nyekundu, leo yuko kijani. Mama yake amesoma, na akafuata aliyofundishwa. Huu ndio uji wa lishe! Mpigieni makofi!"

Wakapiga makofi, wengine vigelegele. Mama mkwe alikuwa amesimama kando yangu. Kiswahili chake kilikuwa cha kusalimia tu, na bibi maendeleo alikuwa akiongea haraka. Akanivuta kanga, akaniuliza kwa Kikurya, "Anasema nini?"

Wanawake wote walikuwa wananitazama mimi. Nilikuwa na pumzi moja ya kufikiri, na niliitumia vibaya.

"Anasema mtoto amepona kwa uji."

Akamtazama mjukuu wake pale kwenye mzani. Akacheka kidogo, akijifunika mdomo kwa mkono, anavyocheka mtu aliyejigundua mjinga.

"Kumbe ni uji! Nami nilikuwa nadhani ni yale maziwa yangu." Halafu akasema, "Huyo wa tumboni akifika wakati wa kuachishwa, unifundishe."

Nilimfundisha. Vikombe viwili vya mtama, kimoja cha soya, dagaa kiganja. Asiyejua kusoma alishika yote kichwani kwa siku moja. Kibuyu kile kipya, binti yangu alipozoea ugali, alikirudisha kwa dada yake, akasema hakina kazi tena.

Mtoto wangu wa pili alipoachishwa ziwa, alimpikia uji ule mwenyewe, akampakata, akampa kijiko cha kwanza. Mtoto akatema. Akampa cha pili, akatema. Mama mkwe akaweka bakuli chini, akanigeukia uso umemwiva kwa aibu.

"Nisamehe, mwanangu," akaniambia. "Nadhani nimekosea vipimo."