Santuri ya Tatu

Ukitaka kucheka, cheka sasa kabla sijaanza, kwa sababu nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya niliyaona mwenyewe, kabla ya giza, bila homa na bila tone la pombe. Kwetu Kebirigo tulikuwa Wasabato wa kweli: tulilima chai, tukaichuma kwa vidole vyetu, na mama hakuruhusu hata kikombe kimoja kinywewe nyumbani. Kwa hiyo usiseme nilikuwa nimelewa.

Na mimi si mtu wa kuamini ovyo. Mwenye ndizi akiniambia zimeiva, nabonyeza moja moja. Shangazi yangu Kwamboka alizoea kusema nilizaliwa nikimtazama mkunga kwa jicho la pembeni. Mambo ya mizimu niliwaachia wenye nafasi, mpaka mwaka ule wa miaka ya sabini ambapo mvua ya mawe ilituchania chai yote.

Lakini nianze na muziki, maana bila huo huwezi kunielewa. Kaka yangu Nyakundi alikuwa dereva Nairobi. Krismasi moja alikuja na gramafoni ya betri pamoja na jalada nene la bendi ya rumba kutoka Kongo. Nilidhani ni jalada kama mengine hadi alipolifungua kama dirisha la mbao, huku ubawa na kule ubawa, na kila ubawa una mfuko wake na santuri yake. Santuri mbili, kazi moja. Marafiki zake walisema huo ni ulafi, kwamba nyimbo nzuri zingeenea kwenye santuri moja na zilizobaki ni za kujaza nafasi. Nabisha hadi leo. Santuri moja ni kama mgeni wa kusimama mlangoni, hujamjua vizuri ameshaaga. Zile mbili zinaingia, zinakaa, zinakula nawe, na kufikia mwisho unamjua hata yule anayepiga gita la nyuma ambaye hakuna anayemsifu. Nililipenda jalada lile kupita kiasi, nasema wazi.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Zile santuri hazikupangwa kama unavyodhani. Santuri ya kwanza ilikuwa na upande wa kwanza, na mgongoni mwake upande wa nne. Ya pili ilikuwa na upande wa pili na wa tatu. Nyakundi alisema zilitengenezwa hivyo kwa ajili ya mashine za matajiri, zinazodondosha santuri moja juu ya nyingine zenyewe. Sisi wa betri tulibadilisha kwa mkono. Mtu asiyekuwa na jalada kama lile angegeuza santuri ya kwanza akitafuta upande wa pili, akajikuta mwisho wa safari. Kwa maneno mengine, mwanzo na mwisho vilikaa pamoja, na katikati ikawa peke yake.

Mwaka huo nikaja kuposwa. Mshenga, ambaye kwetu tunamwita esigani, alikuwa mama mmoja mwenye ulimi laini, na alileta habari za nyumba moja upande wa Birongo. Mjane aitwaye Bosibori, ana chai, ana ng'ombe, ana mtoto mmoja tu wa kiume, Ombati, anayefanya kazi Mombasa. Unajua kazi ya esigani? Ni kujibu maswali. Kwetu binti hatolewi hivi hivi. Shangazi Kwamboka alimkalisha chini akamhoji kama hakimu. Je, nyumba hiyo ina wachawi? Hakuna. Yupo anayekimbia usiku uchi? Hayupo. Wazimu, wizi, kifafa, damu ya mtu iliyomwagwa na babu? Hakuna. Shangazi akaenda mwenyewe kuulizia vijiji vya jirani kuhusu ukoo ule, akarudi ameridhika. Kila alipomtaja Ombati aliambiwa kijana mzuri, mwenye adabu. Na kwa nini haji mwenyewe? Ana shughuli nyingi, alisema esigani.

Kisha akatoa picha. Kijana mrefu, kola imekaa vizuri, amesimama kando ya gramafoni na mikononi amefungua jalada lilelile letu. Nikalitambua kwa mbawa zake. Moyo wangu mgumu ukalegea. Nilijiambia kwamba mtu mwenye subira ya kusikiliza pande nne hawezi kuwa mume mbaya. Nikakubali kwenda kuiona nyumba yao.

Ijumaa moja kabla ya safari hiyo nilikuwa peke yangu nyumbani. Baba alikuwa amepeleka majani ya chai kituoni kupimwa, mama amekwenda kumwona mgonjwa. Nyumba ilikuwa imefagiwa, chakula cha Sabato kimepikwa, na mimi nilikuwa nachezesha muziki wangu wa mwisho, kwa sababu jua likizama gramafoni ilifunikwa kitambaa hadi Jumamosi jioni. Nilikuwa upande wa tatu mvua ya mawe ilipoanza.

Kama hujawahi kuwa chini ya mabati mvua ya mawe ikipiga, huwezi kujua. Husikii muziki, husikii mawazo yako. Nikainua sindano. Nilipotazama mlangoni, Ombati alikuwa amesimama kizingitini, kola ileile ya kwenye picha.

Nilishuku palepale, wala si mizimu niliyoshuku. Mchumba hafiki kwa wakwe peke yake, bila wazee, siku ambayo baba wa nyumba hayupo. Halafu hakunipa mkono. Sisi tukisalimiana tunashikana mikono hadi habari za mifugo zimalizike, na asiyetoa mkono ana ugomvi nawe. Nikasema moyoni, huyu ametumwa. Wanataka kuona kama nitavunja Sabato.

"Karibu ndani," nikapaza sauti. "Umetoka Mombasa lini?"

"Nimekuja kusikiliza," akasema. "Weka upande wa nne."

Niamini, hakupaza sauti. Alisema taratibu kama mtu anayeongea kanisani, na juu yetu mabati yalikuwa yanalia, lakini kila neno lilinifikia. Hilo lilinipita wakati ule. Nilikuwa nimeshughulika na ule mtego niliodhani nimewekewa.

"Jua linazama," nikamwambia. "Sabato inaingia."

"Kwangu ilishaingia kitambo."

Ungejibu nini wewe? Niliitoa ile santuri ya pili, nikaenda nayo dirishani kuifuta vumbi ili nipate muda wa kufikiri. Jalada nililiacha mezani. Nilipogeuka santuri nyingine ilikuwa tayari inazunguka, na upande wa nne umeanza. Nakiri nilifurahi kidogo, kwa sababu hakuutafuta mahali pasipo pake. Ni wimbo mmoja mrefu, mtu anaagana na mama yake, na gita la nyuma linamvuta shati asiondoke. Niliusikia wote. Mvua ya mawe haikupungua, nami nikausikia wote.

Ulipokwisha akasema, "Ukifika kwetu, mwombe mama akupigie upande wa kwanza. Usikubali neno lolote kabla hujauomba."

Ghafla mvua ikakatika. Nikatupa jicho nje kuona kama chai imepona, na nilipomrudia hakuwapo. Nikaenda kuirudisha santuri ya kwanza kwenye mfuko wake. Haikuingia. Nikasukuma, ikakataa. Nikachungulia ndani ya mfuko, na santuri yetu ya kwanza ilikuwa humo, imelala kama nilivyoilaza asubuhi.

Kwa hiyo niliyoshika mkononi ilikuwa ya nani? Nikaipeleka kwenye mwanga. Kwenye karatasi ya katikati palikuwa na tone la nta ya mshumaa, limekauka. Kwenye tundu lake palikuwa na udongo mwekundu. Nikajipa jibu la kawaida, kama afanyavyo mtu yeyote mwenye akili: kijana amekuja na santuri yake, ameisahau. Sikumwambia mtu. Niliogopa baba angesema nimempokea mwanamume ndani ya nyumba. Nikaifunga kwa leso, nikaitia kwenye kikapu ili nimrudishie mwenyewe.

Tulipokwenda Birongo tulikuwa mimi na shangazi, na esigani akatutangulia. Mama Bosibori alitupokea kwa mikono miwili. Alikuwa mwembamba, mwenye macho ya mtu asiyelala. Akatuandalia ugali wa wimbi, kuku na mboga za chinsaga. Ombati? Ana shughuli nyingi, amechelewa, atafika. Nilikuwa nachunguza kila kitu: shati la kiume lililopigwa pasi likaning'inizwa bila mwili, kitanda kilichotandikwa bila mkunjo hata mmoja.

Kutufurahisha wageni, mama akafungua gramafoni. Akapiga upande wa pili. Ulipokwisha akageuza, akapiga wa tatu. Ulipokwisha akageuza, akaanza tena wa pili.

"Mama," nikasema, "naomba utupigie upande wa kwanza."

Mkono wake ukabaki hewani. Esigani akaingilia haraka. "Mwanangu, muziki si ni muziki? Kula kuku."

"Upande wa kwanza uko kwa mwenyewe," mama Bosibori akasema.

"Na mwenyewe yuko wapi?"

Nikatoa leso kikapuni, nikaifungua mapajani. "Aliisahau kwetu Ijumaa," nikasema. "Nimemletea."

Aliipokea kama unavyopokea mtoto mchanga. Akaliona lile tone la nta. Akalipitisha kidole, akalipitisha tena, kisha akakaa sakafuni, mwanamke mzima mbele ya wageni.

"Hii niliiweka kifuani mwake mimi," akasema. "Kabla hawajapigilia misumari. Mshumaa ulinitikisika mkononi, nta ikadondoka hapa."

Shangazi alisimama, kiti kikaanguka. Ukweli ukatoka. Ombati alikufa kwa ajali ya lori huko Mombasa, na kaburi lake lilikuwa nyuma ya nyumba, migomba imelificha. Mama alitaka kumwolea mke kwa jina lake. Usishangae, kwetu halikuwa jambo geni. Mwanamume akifa bila kuoa, mama yake aliweza kutoa ng'ombe, akaleta msichana, na watoto atakaowazaa wakaitwa wa marehemu. Wako waliokubali na wakaheshimiwa. Lakini walikuwa wanaambiwa. Mimi nilikuwa nipelekwe kwenye kile kitanda kisicho na mkunjo, ng'ombe wakishapokelewa na baba, nikae nikimngoja mtu wa Mombasa mpaka nizeeke.

"Nilikuuliza kila kitu," shangazi akamwambia esigani. "Wachawi, wazimu, damu. Ulinijibu yote."

"Nilikujibu yote," esigani akasema. "Hukuniuliza kama yuko hai."

Na ni kweli. Tulikuwa na shuku za kutosha kijiji kizima, na hilo halikutujia. Waliosema ni kijana mzuri, mwenye adabu, hakuna aliyewauliza ni lini walimwona.

Nilitaka kukimbia, nisikufiche. Lakini mama Bosibori aliniangalia akauliza, "Alisemaje?" Nikamweleza yote. Akafikiri kidogo. "Basi amenikataza kukuchukua kwa uongo," akasema. Kisha akaiweka santuri juu ya gramafoni, upande wa kwanza. Tangu mazishi alikuwa akisikiliza katikati tu. Tuliketi tukasikiliza pande zote nne, hata shangazi aliyekuwa ameshika kitasa cha mlango. Wimbo wa mwisho mama alilia kwa sauti. Nami nikalia, kwa kumhurumia na kwa hasira pia, kwa sababu kumhurumia hakunifanyi nisahau alichotaka kunitendea.

Alitusindikiza hadi barabarani. "Nenda, mwanangu," akaniambia. "Ng'ombe wangu hawatatoka." Miaka ilipita nikasikia amemletea Ombati mke, msichana aliyepelekwa kwanza kuonyeshwa kaburi, akakubali kwa kinywa chake. Nilifurahi kusikia hivyo.

Mimi niliolewa Nyacheki. Kijana alipokuja kujitambulisha nilimshika mkono, nikaubonyeza kama ndizi, nikakaa nao mpaka akaona haya mbele ya wazee wake. Ulikuwa na joto na sugu za kupogoa chai. Ndiye baba wa watoto wangu.

Gramafoni ilikufa zamani. Jalada ninalo, na santuri zake ni mbili, huwa nazikagua. Lakini mvua ya mawe ikipiga mabati yangu, hata sasa, watu wakiwa wanapaza sauti chumba kimoja na hawasikilizani, mimi nausikia upande wa nne, taratibu, hadi gita la mwisho. Watoto huniona nimenyamaza wakadhani naihofia chai.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukiletewa habari za mtu, usiridhike na ukoo na sifa na picha. Uliza lile swali ambalo unaona haya kuliuliza. Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu picha ya mchumba wake, kijana mrefu, kola imekaa vizuri. Wameongea miezi, anamjua mpaka majina ya ng'ombe wao. Nikamuuliza kama ameshamshika mkono.

"Bado, shosh," akasema akicheka. "Ako mbali, na ako na shughuli mingi."

Nikamwomba anipe ile picha niitazame tena.